Barua Zilizolegeza Waya wa Boito

Kwa muda wa karibu miaka miwili, nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne na meno yote kinywani, niliamini kwamba barua za kompyuta zina uzito. Sicheki na nyinyi. Niliamini kwamba barua pepe usiyoijibu hairudi ilikotoka, bali inabaki imening'inia ndani ya waya wa simu. Ikija nyingine inajipanga nyuma yake, na nyingine, na nyingine, mpaka waya unalegea, unakatika, na kuangukia malishoni.

Habari hii niliipata kwa Mosonik, dereva wa lori letu la majani chai. Aliniambia huku ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayekula kiapo. Eti kule Merigi karani mmoja alienda likizo bila kujibu barua zake, waya ukakatika, ng'ombe akalamba ile ncha, na tangu siku hiyo maziwa yake yakakataa kuganda kibuyuni. Mwezi mzima boma lile halikunywa mursik, maziwa yetu ya mgando!

"Ulimwona huyo ng'ombe?" nikamuuliza.

"Nilionyeshwa kibuyu," akasema.

Kibuyu kilinitosha. Nilitoka nje nikautazama waya wetu, ule uliopita juu ya chai kutoka barabarani mpaka dirisha la ofisi yangu. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Januari linawaka, na ninawaambia ukweli, ule waya ulikuwa umelegea kama kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi tatu. Nikarudi ndani mbio nikaanza kujibu barua.

Sasa nyinyi vijana mnaofungua barua kwa kidole gumba mkiwa mmelala chali, mtauliza mtu wa aina gani anaamini hivyo. Ni mtu aliyesoma! Nilisoma masomo ya jioni kwa miaka saba, mchana nikiwa mpakizi wa magunia kiwandani, jioni nikitembea kwenda darasani maili ambazo kila mwaka nikizisimulia zinaongezeka. Huko nilifundishwa ukarani, na kanuni ya kwanza ya ukarani ilikuwa hii: kila barua iliyoingia igongwe muhuri, ipewe nambari, iwekwe kwenye faili, na ijibiwe ndani ya siku tatu. Mwalimu wetu alisema ofisi isiyojibu barua ni kama nyumba isiyoitikia hodi. Niliyashika maneno hayo kwa nguvu zote.

Kwa hiyo kompyuta ilipofika kiwandani kwetu, kiwanda kidogo cha mtu binafsi huko juu ya Boito, meneja Bwana Ngeno hakuhangaika kutafuta wa kumpa. "Chelule ana cheti," akasema, na nikawa bwana kompyuta. Mwaka ulikuwa ule uliofuata mvua ya El Niño. Mke wangu aliifumia kitambaa cheupe chenye maua, na kila jioni niliifunika kabla ya kufunga mlango. Hakuna kompyuta iliyopendwa namna ile kutoka Kericho mpaka Sotik.

Kazi ilikuwa hivi. Sanduku letu la barua lilikaa Nairobi, kwa watu waliotuunganisha na mtandao. Mara mbili kwa siku, dakika kumi na tano asubuhi na kumi na tano alasiri, mashine ilipiga simu huko ikilia kama paka na jogoo waliofungiwa ndani ya debe moja, kisha barua zikaanza kushuka moja moja kupitia waya. Dakika zilikuwa chache kwa sababu laini ilikuwa moja, hiyo hiyo ya simu ya ofisi, na lori la Mosonik lilipenda sana kukwama.

Mwezi wa kwanza tulipata barua nne. Nilizijibu zote, nikaona mbona kazi hii ni ya mfalme. Halafu nikafanya makosa ya furaha. Anwani yetu niliichapisha kwenye kalenda ya kiwanda. Niliiandika kwenye kila fomu iliyoahidi saa ya mkononi ya bure. Niliituma kwa mtu aliyesema anakusanya anwani za marafiki wa dunia nzima, nikaona ni vizuri Boito nayo iwe na rafiki.

Wah! Marafiki walikuja.

Alianza mwenye dawa ya kupunguza unene. Dawa ya kupunguza unene, jamani, kwa wachuma chai wa Konoin, watu wanaopanda milima wamebeba vikapu mgongoni tangu alfajiri! Ukitafuta mtu mnene pale utamkuta Bwana Ngeno peke yake, na yeye alikuwa akijivunia. Lakini barua ni barua. Niliichapisha kwa ile printa iliyopiga kelele kama cherehani, nikaigonga muhuri wa "Imepokelewa", nikaifungulia faili, nikaandika jibu: "Rejea barua yako. Tumeipokea kwa shukrani. Kwa sasa wafanyakazi wetu hawana unene wa kupunguza. Tutakukumbuka hali ikibadilika. Wako mtiifu, K. Chelule, Karani."

Kesho yake akaniandikia tena. Akamleta na ndugu yake anayeuza dawa ya upara. Akaja mtoto wa mfalme fulani aliyefukuzwa kwao. Akaja mtu aliyeniudhi kuliko wote, anayeuza shahada za chuo kikuu bila mtihani. Miaka saba, vijana! Miaka saba ya chaki na taa ya karabai, na mtu ananiambia shahada inakuja kwa posta kabla ya Jumatano! Huyo nilimjibu kurasa mbili, na nikamshauri arudi shule.

Kadiri nilivyojibu ndivyo zilivyoongezeka, na kadiri zilivyoongezeka ndivyo nilivyoogopea waya. Faili ya Unene ilifika juzuu ya tatu. Nilikuwa na shughuli kuliko waziri, na zile dakika thelathini za siku hazikutosha tena kuziteremsha zote.

Sasa njooni kwenye ile wiki.

Bwana Ngeno alikuwa amehangaika mwaka mzima kupata mnunuzi wa ng'ambo wa kununua chai yetu moja kwa moja. Sampuli zilikuwa zimekwenda. Stoo ilikuwa imejaa, na wakulima wa Boito walikuwa wanauliza kama kiwanda kitaendelea kuchukua majani yao. Oda moja tu, ya kwanza, ingewajibu wote. Jumatano alasiri Bwana Ngeno akasimama mlangoni kwangu. Hakupiga kelele. Aliongea polepole, na mtu mnene akiongea polepole ujue kuna jambo.

"Chelule, mnunuzi amenipigia simu. Anasema alituandikia wiki iliyopita, na maagizo yote ya oda yamo kwenye barua hiyo. Amekumbusha mara mbili, na hizo mbili zimerudishwa. Ameambiwa sanduku letu limejaa. Limejaa nini?"

Nilifungua kabati nimwonyeshe kwamba kazi inafanyika. Faili ya Unene ikaanguka yenyewe miguuni pake.

Aliinama kwa shida, akaokota karatasi moja, akaisoma yote mpaka "Wako mtiifu". Akaiweka mezani taratibu.

"Kesho mnunuzi anasafiri. Ijumaa saa sita mchana akifika kwake bila jibu letu, oda inaenda kiwanda kingine. Na hicho kiti, Chelule, nitampa mtu anayejua kilichomo ndani ya sanduku lake."

Nilipiga simu Nairobi. Kijana wa huko, mwenye adabu nzuri, akasema anaweza kufuta sanduku lote kwa mpigo mmoja. Lote. Lakini ndani ya hilo lote ilikuwamo ile barua ya kwanza, moja, katikati ya mamia. Nikamwambia asiguse.

Nikajaribu kuziteremsha. Zilishuka kidogo, halafu ikafika moja nene kupita zote. Mtu alikuwa ananiuzia nyumba kando ya ziwa, na akaambatanisha picha ya nyumba, picha ya ziwa, na nadhani picha ya kila samaki. Hiyo barua haikushuka. Robo saa, nusu saa, mvua ya alasiri ikaanza, laini ikakata. Nikipiga tena, inaanza upya na ile nyumba inasimama pale pale mlangoni. Faksi nayo ilikuwa imeunguzwa na radi mwezi uliopita. Mpaka leo sijaiona ile nyumba ya ziwa, lakini nimeingoja kuliko fundi aliyeijenga.

Alhamisi asubuhi nilitumwa kupeleka magunia kwenye kituo cha majani, kile kibanda cha mabati kando ya barabara ambako wakulima huleta chai yao ipimwe kabla lori halijaja. Karani wa pale alikuwa Mama Moraa, mwanamke wa Kisii aliyekuja kwetu akiwa bibi harusi na akakaa mpaka akatushinda Kikipsigis. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi kuliko mwalimu yeyote, na hakuwahi kugusa kompyuta.

Alikuwa na meza ndefu iliyotandikwa gunia. Kila mkulima alimwaga majani yake pale, na Mama Moraa akayatandaza kwa kiganja. Alitaka majani mawili na chipukizi, basi. Jani zee, gumu, alilisikia kwa vidole hata akiwa anakuangalia usoni. Asubuhi hiyo mzee mmoja alikuwa anabishana naye.

"Mama, wacha yaende tu. Watachagua huko kiwandani."

"Mzee wangu, lori hili si la kubeba kuni. Chagua hapa hapa. Hilo ni jani au ni ngozi ya ng'ombe?"

"Aki wewe mama una macho!"

"Macho yangu yako kwa vidole. Chagua, mzee, watu wanangoja."

Watu wakacheka, mzee akacheka, akachagua. Mimi nikakaa juu ya magunia kama mfiwa. Aliponiuliza nina nini nilimweleza yote: sanduku lililojaa, barua moja katikati ya mamia, nyumba ya ziwa, Ijumaa saa sita. Alinisikiliza huku vidole vinatembea juu ya majani.

"Ngoja nielewe," akasema. "Hizo takataka ziko Nairobi. Na wewe unazibeba zote mpaka Boito, ndiyo uanze kuchagua?"

"Ndiyo."

"Karani mzima! Kwani huko Nairobi hakuna meza?"

Vijana, nimesikia mahubiri mengi makubwa. Hakuna hata moja lililonigonga kama hilo. Hakuna meza? Nilikimbia kurudi kiwandani, na nikisema nilikimbia, jueni kwamba lori la Mosonik nililiacha nyuma, ingawa ni kweli lilikuwa limekwama.

Kompyuta ilikuja na kitabu cha maelezo kinene kama tofali, cha Kiingereza, na hakuna mtu aliyekuwa amekisoma kupita ukurasa wa kuchomeka waya. Mimi nilikisoma kama tulivyosoma masomo ya jioni, rula chini ya kila mstari, tangu saa nne asubuhi. Saa tisa na nusu alasiri, kwenye kurasa za nyuma ambako watu waliosoma mchana hawafiki, nikaipata. Kulikuwa na namna ya kuiambia mashine isiteremshe barua, ilete tu orodha: nani ameandika, ameandika kichwa gani, na barua yake ina unene gani. Usiyoitaka unaiwekea alama, na inafutwa huko huko Nairobi bila kukanyaga waya wako.

Meza!

Alasiri hiyo mvua ilikuwa imekata laini tena, lakini Ijumaa saa tatu asubuhi Bwana Ngeno akanipa laini yote. Mama Moraa naye alikuja juu ya lori la kwanza, leso kiunoni, akisema hawezi kusikia habari ya meza na asiione. Akavuta kiti. Orodha ikashuka: vichwa mia nne na kitu. Mimi nasoma na kutafsiri, yeye anahukumu.

"Huyu?"

"Unene."

"Tupa."

"Huyu?"

"Upara."

Akatazama kichwa changu kidogo. "Tupa tu, umechelewa. Huyu?"

"Shahada bila mtihani."

"Tupa mara mbili. Huyu?"

"Anasema nisipopeleka barua yake kwa watu kumi, nitapatwa na mkosi mkubwa."

"Mkosi gani utaushinda huu? Tupa!"

Nyumba ya ziwa niliitupa mwenyewe, kwa kidole cha kati, nikasikia raha mpaka kwenye magoti. Bwana Ngeno alikuwa amesimama nyuma yetu anapumua kama tanuri la kukaushia chai. Saa tano ilipita. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa msitu. Tulikuwa tumefuta zaidi ya mia tatu, na mkono wangu ulikuwa umezoea: soma, tupa, soma, tupa.

"Huyu?"

"'Habari njema kwenu'," nikasoma. Barua thelathini zilikuwa zimeshaanza hivyo hivyo. Kidole changu kilikuwa kinashuka.

Mama Moraa akanishika mkono. "Geuza kwanza."

"Nigeuze nini?"

"Jani linadanganya kwa juu. Mimi huligeuza. Imetoka kwa nani?"

Niliangalia jina. Niliangalia unene: nyembamba, ya mtu mwenye jambo la kusema. Nikalisoma jina tena, kwa sauti, na Bwana Ngeno akatoa mlio ambao sikujua mwanamume anaweza kuutoa.

Ilikuwa yeye. Mnunuzi. Mtu wa watu, alidhani ametuandikia kichwa kizuri.

Barua ilishuka kwa sekunde kadhaa tu, kama jani. Bwana Ngeno alitamka jibu, mimi nikaandika, na vidole hivi mnavyoviona vilikimbia hadi herufi zikawa zinapishana njiani. Saa sita kasorobo jibu likaondoka. King'ora cha chakula cha mchana kilipolia, Bwana Ngeno alinikumbatia, mtu ambaye hata siku ya harusi yake aliwasalimu watu kwa mkono tu. Alitaka kumkumbatia na Mama Moraa, akaonyeshwa kiti akae. Wiki iliyofuata magunia ya chai yetu yalipakiwa, na mvua ya siku hiyo, nakumbuka, iliogopa kunyesha.

Baada ya hapo nikawa mtu maarufu. Makarani walikuja kutoka viwanda vingine kuona meza yangu, na mmoja aliyetoka Siongiroi, ambako hata chai hailimwi, alikuja kwa sababu ya sifa tu. Niliwafundisha yote niliyoyapata, nanyi nawapa bure. Muwe na anwani mbili: moja ya dunia, ile ya kalenda na fomu, na nyingine ya watu wenu, isiyoandikwa ukutani. Mkubaliane na watu wa kazi neno moja la kuweka kwenye kichwa cha barua. Sisi tuliweka "Boito", na sijawahi kumwona muuza upara aliyelijua. Msipeleke mkosi kwa watu kumi, mkosi ukitupwa unakufa. Usifungue kitu kinene cha mtu usiyemjua. Na kabla ya kutupa, geuza.

Kanuni iliyobaki, ambayo ingepaswa kuwa ya kwanza, naiweka mwisho kwa sababu mimi mwenyewe niliipata mwisho.

Mnaona, pamoja na ushindi wote huo, nilikuwa bado nauhurumia waya. Takataka nilizitupa mezani, sawa, lakini kabla ya kutupa nilinakili anwani ya kila mmoja, na alasiri nikamtumia jibu fupi la heshima ili asibaki amening'inia. Kila asubuhi walikuwa wengi kuliko jana. Kila asubuhi niliwafyeka. Nilijiona shujaa anayepigana na jeshi lisiloisha, na nikipita nje niliutazama waya wangu nikatabasamu, kwa sababu ilikuwa Julai na ulikuwa umenyooka kama uzi wa mwashi.

Julai hiyo hiyo alikuja fundi wa simu, Bwana Bett, kubadilisha nguzo iliyooza. Asubuhi ilikuwa ya ukungu na baridi. Nilimpelekea chai, nikamwonyesha waya kwa kidole.

"Unauona ulivyokaza, Bwana Bett? Januari ulikuwa umeshuka mpaka karibu na majani. Hii ni kazi yangu."

"Umeupanda?" akashangaa.

"Nimeupunguzia mzigo." Nikamweleza yote: ng'ombe wa Merigi, kibuyu, meza, na namna ninavyomjibu kila mtu mpaka leo ili barua zisilemeze waya.

Bwana Bett alinywa chai yake mpaka chini. Hakucheka. Alinirudishia kikombe, akafunga mkanda wake kiunoni, akakanyaga nguzo mara moja, kisha akageuka.

"Chelule, waya hulegea kwa jua na kukaza kwa baridi. Barua haina uzito wowote. Na hao watu wanazidi kukuandikia kwa sababu unawajibu."